Vitufe Vitano vya Geti la Mama

Jumapili, 2 Juni

Dada yangu, mwalimu wa hesabu, taa ya shule nzima,

Salamu nyingi kuliko chaki zako. Mimi mzima wa afya, duka linakwenda, na Mama kuanzia jana saa kumi jioni yuko salama. Siyo salama ya maneno, dada. Salama ya chuma!

Simu ya ofisini kwenu siipigi tena. Mara ya mwisho mkuu wako alisikiliza mazungumzo yote, halafu akanisahihisha sentensi. Bora barua, humu nakosea kwa raha zangu.

Ungeniona jana. Majirani walitoa viti nje kama wanangoja sinema. Nikashuka na boksi begani, nikalifungua polepole, kufuli likang'aa mpaka watu wakafumba macho. Vitufe kumi vya shaba, safu mbili zilizosimama wima, vimeandikwa moja hadi kumi. Halina ufunguo wa kupotea. Unabonyeza vitano, vinabaki chini, unazungusha kitasa, geti linafunguka. Ukikosea, vitufe vyote vinaruka juu unaanza upya kama mtoto wa chekechea. Kwa mikono hii iliyofungua hadi makufuli ya benki (sawa, ilikuwa kabati ya mpika chai wa benki, lakini benki ni benki), nililifunga kwa dakika arobaini.

Na sikiliza akili ya mdogo wako. Wenzangu hufunga vitufe upande wa nje ili mwizi asiingie. Mimi nimevifunga upande wa ndani, maana tunayemzuia yuko ndani. Kwa nje kitasa kinazunguka tu, mgeni anaingia bila shida. Ila kutoka, mpaka ujue namba.

Ile hesabu uliyonipa mwezi jana nimeiandika kwenye ubao wa duka kwa rangi nyekundu: NJIA 30,240! MWIZI ATAZEEKA MLANGONI. Watu wanasimama wanasoma. Wakiniuliza nimezipataje, nawaambia ni siri ya kiufundi. Nimeshauza manne kwa sababu ya ubao huo.

Sasa Mama akijaribu njia moja kila dakika, saa nzima kila siku, atahitaji siku mia tano na nne. Mwaka na nusu! Na Mama wa sasa hawezi kukumbuka ya jana. Unajua tulikotoka: mara mbili nimemkuta stendi ya mabasi na kikapu, kavaa viatu vyake vizuri, namuuliza alikuwa anakwenda wapi, ananijibu "Sijui." Mara ya pili alivuka barabara ya malori peke yake, lori likafunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Anatia chumvi kwenye chai. Anacheka peke yake akipiga pasi. Tulikubaliana wewe na mimi kwamba ni ule ugonjwa wa kusahau. Daktari sikumpeleka, kwani mimi sina macho?

Alikaa kwenye kigoda chake akanitazama nikifunga skrubu ya mwisho. Akasema tu, "Linang'aa." Nikafurahi, maana siku hizi hasemi sana.

Namba ni tisa, nne, mbili, kumi, saba. Nimeivuruga makusudi. Tunaijua watatu tu: wewe, mimi, na Kimya. Huyu dada wa kazi unamjua, ukimwambia nyumba inaungua atajibu "Haya." Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Bingwa wa Kufuli


Alhamisi, 6 Juni

Mdogo wangu Bingwa,

Barua sikuichoma, kiberiti kimeisha. Nimeifungia kwenye kabati yenye ufunguo wa kawaida kabisa.

Kwanza hesabu, maana nakuonea huruma na hiyo siri yako ya kiufundi. Wateja wakiuliza, waambie hivi. Kitufe cha kwanza unachagua kati ya kumi. Ukishakibonyeza hakirudi juu, kwa hiyo cha pili unachagua kati ya tisa, cha tatu kati ya nane, cha nne kati ya saba, cha tano kati ya sita. Kila chaguo la kwanza lina wenzake tisa, kila jozi ina wenzake wanane, ndiyo maana unazidisha, hujumlishi. Kumi mara tisa ni tisini. Tisini mara nane, mia saba na ishirini. Mara saba, elfu tano na arobaini. Mara sita, unafika kwenye ubao wako. Kwa nini uwafiche?

Pili, Mama. Nimelala vibaya tangu barua yako ifike. Najua nilikubali. Wewe ndiye uliyeliona lori, mimi niko mbali na vitabu vyangu, sina haki ya kukupinga. Lakini hakikisha anakaa uani apate jua. Na geti ambalo mwizi anaingia na mwenye nyumba hatoki, mdogo wangu, mimi sijawahi kulisikia.

Msomee Mama aya hii: Mama, nakupenda, nitakuja shule zikifungwa, na usikasirike.

Dada yako


Jumanne, 11 Juni

Dada,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Mimi naandika nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Mama ametoka!

Jana, siku ya tisa tangu tuanze kutumia kufuli, saa kumi jioni napita barabara ya malori nimebeba bawaba za mteja. Basi linasimama. Anashuka mwanamke na kikapu, viatu vizuri, kitambaa kipya kichwani. Nikasema moyoni, huyu mama kafanana na Mama. Akavuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanijia. "Hujambo, mwanangu? Mbona umebeba vyuma jua lote hili?"

Bawaba zilinianguka mguuni. Sikusikia maumivu mpaka usiku. Nilibaki mdomo wazi katikati ya barabara, na ni Mama aliyenishika mkono akanivusha. Yeye, mimi! Dereva wa lori akatupisha akicheka.

Nikamuuliza, "Mama, umetokaje?" Akasema, "Kwa geti." Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akasema, "Sijui." Akazungusha kitasa cha nje, akaingia, akaenda kupika.

Nimelikagua kufuli. Halijavunjwa, halijachokonolewa. Vitufe vyote vizima. Dada, mimi nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Kufuli halidanganyi. Mtu akifungua bila kuvunja, kaambiwa namba. Wewe uko mbali, mimi sikusema, kabaki nani?

Nilimwita Kimya. Nikamuuliza mara tatu. Mara zote alisema, "Sikumwambia." Nikampandishia sauti mpaka majirani wakatoka tena na viti vyao. Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Nikamwambia afungashe. Ameondoka leo asubuhi na begi moja. Mama alimsindikiza hadi getini, akasimama pale akinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipovunja redio ya marehemu Baba.

Sasa nimeamua. Jumamosi ijayo nang'oa vitufe, naweka komeo la chuma na kufuli la kawaida upande wa nje, na ufunguo nitauvaa shingoni. Mke wangu atampelekea chakula. Najua ni kali. Lakini safari ijayo lori halitafunga breki, na mimi sitabeba jeneza la Mama kwa sababu ya upole wangu.

Njia elfu thelathini, dada! Kwa siku tisa! Niambie mimi ndiye mwenye wazimu.

Bingwa (leo bila Kufuli)


Ijumaa, 14 Juni

Mdogo wangu,

Usiweke komeo. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi, nakuamuru kama dada mkubwa. Barua hii naituma kwa dereva wa basi la asubuhi, mkononi, ikufikie kabla ya Jumamosi. Ukiipata umeshika nyundo, iweke chini.

Nilisoma barua yako darasani wakati wanafunzi wanafanya zoezi. Nilipofika pale "kufuli halidanganyi" nikajiuliza swali moja, chaki ikanianguka. Mwanafunzi wa mbele akaniuliza kama nimefiwa.

Swali ni hili. Ukibonyeza tisa kisha nne, na siku nyingine ukabonyeza nne kisha tisa, je, kufuli linajua tofauti?

Lifungue ulitazame. Kama ndani yake kuna kitu kinachokumbuka kipi kilitangulia, basi mimi ni mpumbavu na ubao wako uko sahihi. Lakini ulisema mwenyewe kwamba kitufe kikibonyezwa kinabaki chini mpaka uzungushe kitasa. Naogopa kwamba kufuli linaona jambo moja tu: vipi viko chini na vipi viko juu. Ni sawa na wanafunzi watano walioingia darasani. Mimi nikifika nawakuta wamekaa, sijui nani aliingia wa kwanza.

Kama ni hivyo, ile hesabu niliyokupa ni ya uongo. Niliwahesabu wale wale mara nyingi. Vitufe vyako vitano unaweza kuvipanga namna ngapi? Cha kwanza kati ya vitano, kinachofuata kati ya vinne, kisha vitatu, viwili, kimoja. Tano mara nne mara tatu mara mbili: mia moja na ishirini. Maana yake kila fungu la vitufe vitano nilikuhesabia mara mia moja na ishirini, kumbe ni fungu moja. Gawanya 30,240 kwa 120.

Nimegawanya mara nne nikitumaini nimekosea. Ni mia mbili hamsini na mbili.

Siyo elfu. Ni saa nne na dakika kumi na mbili, kwa mtu anayejaribu moja kila dakika.

Subiri, bado sijamaliza. Wewe ulikuwa mchanga, hukumbuki kazi ya Mama kiwandani. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yake baada ya shule. Alikuwa anapanga maboksi ya nyuzi. Rangi kumi, kila boksi vigurudumu vitano vya uzi, kila kimoja rangi yake, na kila boksi lisifanane na jingine. Hakuwa na karatasi. Alianza na rangi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha alisogeza ya mwisho hatua moja, na nyingine, na nyingine. Ikifika ukutani, yaani rangi ya kumi, alisogeza iliyo kabla yake, na ya mwisho ikarudi karibu. Hivyo hivyo, bila kuruka, bila kurudia, hadi rangi tano za mwisho. Miaka ishirini na sita. Boksi hilo halijali uzi upi uliingia kwanza.

Sasa nimekaa nikahesabu kama angehesabu yeye. Namba yako ukiipanga kwa utaratibu ni mbili, nne, saba, tisa, kumi. Mafungu yote yanayoanza na kitufe cha kwanza ni mia moja na ishirini na sita. Yanayoanza na mbili na tatu ni thelathini na tano, tumefika mia na sitini na moja. Mbili, nne, tano: kumi. Mbili, nne, sita: sita. Hapo ni mia na sabini na saba. Kisha mbili, nne, saba, na nane na tisa. Kisha nane na kumi. Kisha tisa na kumi.

Kama Kimya alimwambia, Mama alijaribu mara moja tu. Kama hakumwambia, Mama alijaribu mara mia moja na themanini. Siyo mia na sabini na tisa. Mia na themanini kamili.

Na mtu hahesabu mpaka huko bila kuweka alama. Kiwandani alikuwa anapiga fundo kwenye uzi kwa kila boksi. Tafuta huo uzi. Hesabu mafundo. Halafu niandikie, siwezi kula.

Dada yako


Jumanne, 18 Juni

Dada,

Sijui nianzie wapi. Barua yako ilinikuta Jumamosi asubuhi, nyundo mkononi kweli. Nikaiweka chini.

Nikaanza na kufuli, maana chuma nakiamini kuliko watu. Nililifungua juu ya meza ya jikoni. Dada, ndani mna vibati kumi tu. Kibati kiko juu au kiko chini. Basi! Hakuna gurudumu, hakuna saa, hakuna kinachokumbuka lolote. Nikabonyeza kumi, tisa, saba, nne, mbili. Likafunguka. Nikabonyeza saba, mbili, kumi, nne, tisa. Likafunguka! Nilibonyeza kila namna mpaka kidole kikavimba, na kila mara lilinifungukia kama linanicheka. Muda wote mimi nilikuwa nabonyeza kwa mpangilio wangu ule ule, sikuwahi kujaribu mwingine. Bingwa mzima! Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa ndoo.

Kisha uzi. Nilitaka kuutafuta kwa siri, lakini haukuwa umefichwa. Ulikuwa kwenye kikapu cha kushonea, juu kabisa, umezungushwa kwenye kadi. Mistari tisa. Nikakaa sakafuni nikahesabu fundo kwa fundo. Kila mstari mafundo ishirini. Nikarudia. Nikarudia tena kwa sauti. Mia na themanini, dada! Mia na themanini kamili, kama ulivyosema ukiwa huko mbali na chaki yako. Nywele zilinisimama, hata zile chache zilizobaki.

Nilipoinua macho Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Umepata ngapi?"

"Mia na themanini."

"Sawa. Uliachia darasa la ngapi wewe?"

"La sita, Mama."

"Basi hukupoteza kila kitu. Kaa kwenye kiti, sakafu ina baridi."

Nikakaa. Nikamuuliza alijuaje kwamba mpangilio haujalishi, wakati mimi fundi sikujua. Akasema siku ya kwanza alikaa kigodani akatutazama na kutusikiliza, mimi na Kimya, tukifungua geti. Mgongo wangu ulificha vitufe, lakini haukuficha kiwiko. Kiwiko changu kilikwenda juu, chini, juu, chini. Cha Kimya kilishuka tu, kutoka juu hadi chini, moja kwa moja. Wote wawili tuligonga mara tano, na geti likatufungukia wote. "Nikajua ni maboksi," akasema. Kila siku Kimya akifungulia bomba uani kufua, alijaribu ishirini. Maji yakifungwa, anafunga fundo la mwisho na kurudi kigodani.

"Kwa nini hukumwomba Kimya namba?"

"Ili umfukuze? Nilimkinga, na bado ukamfukuza."

Dada, kofi lingeuma kidogo kuliko hilo.

Nikamwuliza sasa, kwa upole, alikuwa anakwenda wapi. Nilidhani atasema "Sijui." Akaniambia, "Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sasa hivi hakina mkono.

"Mama! Una miaka sitini na saba!"

"Na yeye sabini na moja. Tumeshajumlisha."

Ni yule aliyekuwa anatia mafuta mashine za kiwandani. Mjane kama yeye. Anakaa kituo cha mwisho cha basi. Wamekuwa wakionana tangu mwezi wa tatu, wanakunywa chai, wanasimuliana ya zamani. Chumvi kwenye chai? Alikuwa na mawazo yake. Kucheka akipiga pasi? "Mtu anaruhusiwa kuchekeshwa na jambo la jana." Na ile "Sijui" ya stendi? Akanijibu akinitazama usoni: "Mtu mzima hahojiwi safari yake mbele ya makonda na wauza karanga. Ulinishika mkono kama mwizi, ulitaka nikuambie nini?"

"Ungeniambia nyumbani, Mama."

"Nikuambie? Mwanangu ana duka la makufuli."

Nilicheka, dada. Halafu nikasikia nilichokicheka, nikalia. Nililia kwa sauti, na mimi nina tumbo hili na ndevu hizi. Tulimfungia mtu mwenye akili zake timamu, kwa siku tisa, kwa kuwa alikuwa na furaha ambayo sisi hatukuielewa. Mimi nilisema sina haja ya daktari kwa kuwa nina macho!

Jumapili nilikwenda kwao Kimya, masaa matatu kwa basi. Nilipiga magoti mbele ya mama yake na mbwa wao. Nilimwomba msamaha kwa maneno mengi sana, unanijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Tumerudi naye.

Jana nilifunga duka nikazunguka kwa wateja wanne wa makufuli ya vitufe, nikawaambia ukweli wa mia mbili hamsini na mbili. Mmoja alinifukuza kwa ufagio. Ubao nimeufuta.

Lakini kufuli bado liko getini. Nimelirudisha mahali pake na kuliacha wazi. Mama amesema nisiling'oe mpaka aseme mwenyewe. Sijui ana mpango gani, na dada, kwa mara ya kwanza maishani mwangu naogopa kuuliza.

Mdogo wako


Jumamosi, 22 Juni

Mdogo wangu,

Mia na themanini. Nilipofika hapo nilipiga kelele, na mkuu akaja mbio na chupa ya maji. Kwa sekunde moja nilifurahi, kwa kuwa hesabu yangu imetoka sawa. Kisha nikajionea aibu ambayo sijui nitaipeleka wapi.

Wewe unajilaumu kwa macho yako. Sikiliza yangu. Ulipoandika mwezi ule, "Dada, vitufe kumi, vitano, njia ngapi?" nilifurahi kuulizwa. Nilizidisha, nikapiga mstari chini ya jibu kama ninavyofanya ubaoni. Sikukuuliza kufuli linafanyaje kazi, na kila siku nawaambia wanafunzi: kabla hujahesabu, jua unahesabu nini. Na ulipoandika Mama anasema "Sijui," sikumwandikia Mama hata mstari mmoja kumuuliza. Nilimhesabia mama yangu njia za kufungiwa, na nikajipa alama zote.

Kuna kitu nilikuficha. Mwezi wa nne Mama aliniandikia. Barua fupi: "Nina jambo la kukuambia, lakini la ana kwa ana. Utakuja lini?" Nilijibu kwamba kuna mitihani. Nikadhani ni habari za paa.

Namtaka radhi kwa barua ya peke yake, naifunga humu. Usiisome. Mpe mkononi, ikiwa imefungwa.

Huyo mzee wa mafuta ya mashine, unamjua? Ana watoto? Anavuta sigara? Naona ninauliza kama polisi. Acha, usinijibu.

Dada yako


Jumapili, 7 Julai

Wanangu wawili,

Nawaandikia barua moja, msomeane. Bingwa asiongeze maneno yake.

Barua ya dada mkubwa nimeisoma mara mbili. Nimekusamehe, mwanangu. Hesabu yako ya pili ilikuwa nzuri sana. Nilijua ulikuwa husinzii chini ya ile meza.

Bingwa naye nimemsamehe tangu alipoangusha kile kikombe. Hana ubaya. Anapenda kwa kelele, na alipoliona lile lori aliogopa kuliko mimi. Lakini mjue hivi wote wawili: zile siku tisa hazikunitisha kwa sababu ya geti. Nilitishwa na jinsi mlivyoniambia "Mama, pumzika" kwa sauti ya kuwabembeleza watoto. Siku ya tano nilianza kujiuliza kama ni kweli nimepotewa. Niliendelea kubonyeza ili nione kama naweza kushika mstari bila kuruka. Lilipofunguka, sikukimbilia kwanza kwenye basi. Nilisimama nikalia kwa furaha kwamba bado mimi ni mimi.

Sasa habari. Juzi Ijumaa tumeoana. Najua mnapiga kelele, nyamazeni mmalizie kusoma. Mashahidi wawili walihitajika, nao walipatikana: mdogo wake mume wangu, na Kimya. Kimya alijua yote tangu mwezi wa tatu. Ndiyo, hata siku ile ulipompigia kelele, Bingwa, alijua ninakokwenda, na hakusema. Anafanya kazi kwangu, hafanyi kazi kwenu. Amehamia nami huku.

Sikuwaita kwa kuwa sikutaka kuolewa huku natazama mlango. Mtanielewa baadaye, au msinielewe.

Mume wangu hanisumbui, anavuta sigara mbili kwa siku, ana watoto watatu ambao nao walitaka kumpeleka kwa daktari. Tunaishi kituo cha mwisho, nyumba ya kijani, ngazi tatu mbele. Juzi asubuhi nilipoondoka nilibeba nguo zangu, cherehani, na lile kufuli. Bingwa, usilitafute, nililing'oa kwa bisibisi yako. Mume wangu amelifunga mlangoni kwetu, vitufe vikiwa nje, kama wanavyofunga watu wenye akili. Namba nimechagua mimi.

Siwaambii. Mkitaka kuja, njia ni mia mbili hamsini na mbili, na sasa wote mnajua pa kuanzia.

Au pigeni hodi, kama watoto wenye adabu. Nitasikia. Nitafungua.

Mama yenu